Pembe za Mwaka wa Kwanza

Bondeni kwetu hakuna aliyeua. Mume wangu alifyatua gobore, lakini alilifyatua pale tu nilipomwonyesha. Mimi nilionyesha, lakini kidole hakina baruti. Mwenye Bonde alitaka nyama igawanywe, lakini hakuwahi kumtaja mnyama yeyote. Basi mauti yalipita katikati yetu kama upepo upitao kati ya nyumba mbili, na kila mmoja akafunga dirisha lake akasema umetokea kwa jirani. Nimeliwaza sana jambo hili. Je, tendo laweza kukatwa vipande vidogo vidogo hadi lisiwe la mtu yeyote? Na kama si la mtu, damu ile iliyokauka kwenye majani ilikuwa inamdai nani?

Jina langu ni Kaswende. Tangu nizae, watu waliniita Mama Nyamizi, kwa jina la binti yangu. Lakini msimu wa kuchagua ulipofika majina yote mawili yaliwekwa kando, nikaitwa Jicho. Jicho amesema. Jicho amepita. Kabla yangu Jicho alikuwa Mzee Luhende, na kabla yake mwanamke ambaye hakuna aliyekumbuka jina lake la nyumbani. Asubuhi nyingine niliamka nikakaa kitandani kwa muda, nikingoja kujua ni nani kati yetu aliyeamka.

Bonde lilizungukwa na majabali. Lango lilikuwapo zamani, likazibwa kwa mawe, na sababu ya kuzibwa ilikufa na walioijua. Ndani ya duara hilo tulikuwamo sisi na tandala, wanyama wakubwa wa jamii ya swala. Majani ya miti hayakuwatosheleza wote, kwa hiyo kila kiangazi baadhi ya tandala walitolewa. Majike hawakuguswa kwa sababu wao ndio uzao. Madume wakubwa hawakuguswa kwa sababu pembe zao, wakishafika uzee na kufa wenyewe, zilitundikwa kwenye baraza la Mwenye Bonde. Waliobaki ni madume wachanga, wale ambao pembe zao za kwanza ndio kwanza zimepita urefu wa masikio. Katika hao, nani abaki na nani atolewe? Hilo ndilo lilikuwa swali langu, na sikupewa lingine maishani.

Kanuni ilikuwa nyepesi, hata mtoto angeishika. Dume ambaye pembe zake zinaanza kwa kutanuka, zikielekea nje kama mikono ya mtu anayekaribisha wageni, huyo aachwe. Dume ambaye pembe zake ni nyembamba, zimesimama karibu karibu, huyo atolewe. Mwenye Bonde alipenda upana. Barazani kwake pembe zilipangwa ukutani, na kila jozi ilikuwa pana kuliko ile iliyotangulia, na wageni wake, ambao walikuwa sisi hao hao, tulipita chini yake tukiinamisha vichwa.

Mzee Luhende alinifundisha kulala kwenye nyasi upepo ukinijia usoni, kutofautisha dume na dume kwa mistari myeupe ya ubavuni, kusubiri mnyama ageuke ili nione pembe zinavyotoka kichwani. Kitu kimoja hakunifundisha, nacho nilikijua mwenyewe kwa kutazama. Pembe ya kwanza haisemi kweli. Ndama aliyezaliwa mapema, mvua ikiwa bado inanyesha na mama ana maziwa, huota pembe nene za kupendeza. Aliyezaliwa nyuma, majani yakiwa yamekwisha kukauka, huota vijiti viwili. Mpe misimu miwili na huenda akampita yule wa kwanza. Lakini hatukumpa misimu miwili. Nilikuwa nahukumu mvua, na kwa kuwa mvua haipigwi risasi, nilimwonyesha mtoto wake.

Nilimweleza mume wangu haya mara moja, zamani, tukiwa bado tunaelezana. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniomba nisimwambie tena, kwa sababu kesho yake alipaswa kulenga. Tangu siku hiyo tulilala kitanda kimoja kama nusu mbili za kitu kilichokatwa. Tuliongea kuhusu kuni, kuhusu paa linalovuja, kuhusu Nyamizi alivyoolewa, akashika mimba, akarudi kwetu kungoja kujifungua. Kuhusu kazi yetu, hapana.

Halafu ukaja ukame.

Kisima cha Mwenye Bonde kilibaki na maji, nasi tuligawiwa kwa kibuyu. Mabwawa ya wanyama yalikauka, matope yakapasuka kama visigino. Tukadhani tandala watakufa. Lakini majike walianza kupotea asubuhi na kurudi jioni wakiwa wamenywa, midomo imelowa, na kwenye ngozi zao kulikuwa na harufu ya majani mabichi. Mume wangu alizifuata nyayo. Zilimpeleka kwenye jabali la mashariki, mahali tulipopaita Ufa.

Ufa tuliujua sote. Ulikuwa mwanya mwembamba uliopasua jabali toka juu hadi chini, ndani yake giza. Tulipokuwa watoto tuliambiwa kwamba Ufa ni wa wanyama, na mtu akiingia humo hutokea upande wa pili bila jina. Hakuna aliyeuliza nani alipata kwenda akarudi kuyasema hayo.

Siku iliyofuata nilikwenda naye. Jua lilikuwa limeshapanda. Majike walisimama kwa mstari mbele ya Ufa, wakaingia mmoja mmoja, kimya, kama wanawake wanaoingia nyumba ya msiba. Jike hana pembe, jiwe halina pa kumshika. Nyuma yao walifika madume, wale tuliowaacha msimu baada ya msimu, wazuri ajabu, pembe zimezunguka na kutanuka kiasi kwamba wawili hawakuweza kusimama bega kwa bega. Wa kwanza alipeleka kichwa mwanyani. Pembe ziligonga jiwe kulia na kushoto. Akarudi nyuma, akajaribu tena. Mwingine akaja akagonga. Mlio ule ulikuwa mkavu na wa polepole, ukaendelea asubuhi yote, na midomo yao ilikuwa na povu jeupe lililokauka pembeni.

Niliutazama upana ule na nikajua ni kazi ya nani. Mimi, na Luhende, na yule mwanamke asiye na jina, tulikuwa tumekaa katika nyasi zile zile, msimu juu ya msimu, tukichonga kundi kwa vidole, na tulichokichonga ni kitu kisichoweza kutoka.

Mume wangu akanigusa mkono. Kutoka gizani, kichwa kilijitokeza. Alikuwa dume mchanga, pembe zake nyembamba zimesimama karibu karibu. Alitoka Ufani kwa wepesi, akanusa hewa, akapita kati ya wakubwa wake waliokuwa na kiu, akasimama kwenye mwanga. Alikuwa mnene. Manyoya yake yaling'aa. Katika kundi zima ndiye dume pekee aliyekuwa anakunywa. Ndiye pekee pia, kwa kanuni ya bonde, aliyepaswa kutolewa mwaka ule.

Habari ilimfikia Mwenye Bonde kabla hatujafika nyumbani. Alimtuma msimamizi wake, bwana mmoja aitwaye Seni, mtu mpole wa sauti, aliyependa kuketi kwanza na kuuliza hali za watoto kabla ya kueleza kilichomleta. Aliketi. Aliuliza hali ya Nyamizi na mimba yake, akasema mjamzito asikose maji. Kisha akasema msimu umefika na nyama inasubiriwa.

Nilimweleza kwa heshima kwamba yule akitolewa, majike wanaokunywa upande wa pili hawatapata dume, na madume wa upande huu watakufa kwa kiu. Mwakani hakutakuwa na ndama. Hakutakuwa na cha kuchagua.

Seni alitikisa kichwa kwa huruma. Alisema hayo yote Mwenye Bonde ameyapima. Alisema dume yule anawazoesha majike kwenda, na siku moja hawatarudi, na kundi lisilorudi si kundi bali ni uvumi. Tena pembe zake ni nyembamba. Mimi mwenyewe nimewatoa wangapi wa aina hiyo?

"Kanuni haikuulizi kama umeipenda, Mama Nyamizi," alisema akiinuka. "Kesho kutwa, asubuhi, mbele ya watu. Nisingependa kusikia kwamba nyumba hii imekosa kibuyu chake."

Alipoondoka nilibaki nikitazama mahali alipokuwa ameketi. Nilijaribu kuitafuta njia. Nikimwonyesha dume, nimelifunga bonde. Nisipomwonyesha, nimemfungia binti yangu kisima. Nikionyesha mwingine, watu wataona, maana kila mmoja aliijua kanuni. Kila upande nilikopeleka kichwa, kiligonga.

Nikaenda kwa Mzee Luhende. Aliacha kazi ya Jicho alipopofuka, na tangu hapo alikaa nyumbani kwa ndugu zake, akihurumiwa. Nilimkuta sebuleni na ungo wa ulezi mapajani, anachambua. Nilimwamkia, nikaketi, nikamweleza yote. Alisikiliza, vidole vikitembea juu ya punje. Kisha, nikiwa katikati ya maneno, nilimwona akiokota kijiwe kidogo, rangi moja na ulezi, kidogo kuliko kichwa cha sindano, akakitupa pembeni bila kupapasa.

Nikanyamaza. Naye akajua kwa nini nimenyamaza.

"Macho yangu ni mazima, mwanangu," alisema.

Akaendelea kuchambua. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba asubuhi moja aliinua kidole akaona hawezi kukishusha, kikabaki juu hata mnyama alipokwisha anguka, na watu wakadhani anaonyesha mwingine, na mwingine akapigwa. Alipofika nyumbani alisema haoni. Tangu siku ile hakuwahi kumtazama mtu usoni, wala mjukuu, wala jua likizama. Upofu wa kuigiza, alisema, una kazi nyingi kuliko ule wa kweli, kwa sababu ni lazima ukumbuke kila saa usichokiona.

Nilimwuliza nami nifanye nini.

"Mlango nilioutumia ulikuwa wa mtu mmoja. Jicho wa pili akipofuka, watatuwashia moto usoni sote wawili ili wahakikishe." Akausogeza ungo. "Nenda nyumbani. Ongea na mwenzio. Mimi sikuwa na wa kuongea naye, mpigaji wangu hakuwa mke wangu."

Nyumbani mume wangu alikuwa anapangusa gobore. Jina lake ni Ng'wandu, na nalitaja hapa kwa sababu bondeni naye aliitwa Mkono, kama mimi nilivyoitwa Jicho. Niliketi mbele yake na kwa mara ya kwanza baada ya misimu mingi nikamwuliza, akilenga, huwa anaona nini.

Alisema hajawahi kumwona mnyama hata mmoja. Aliona kidole changu, halafu aliona mahali kinapoelekea, halafu moshi. Alisema hata siku ile Ufani, alipomwona dume yule akitoka, alishangaa kwamba tandala ana kope. Alikuwa amewapiga tangu ujanani, na hakujua kwamba wana kope ndefu namna ile.

Nilimwambia kesho kutwa sitainua kidole.

"Basi watanitaka nichague mwenyewe na nipige mwenyewe," alisema. "Nitakuwa watu wawili. Sijui kama nitaenea."

Hatukuamua kitu. Lakini tulilala tukiwa tumeshikana, na nilihisi mapigo ya moyo wake kwenye kiganja changu, na kwa kitambo sikujua ni ya kwake au ni yangu.

Siku yenyewe watu walifika wengi, wakakaa mbali kidogo, upepo ukiwajia. Nyamizi alikuwapo, amejishika kiuno. Madume wakubwa walikuwa wamezagaa mbele ya Ufa, wengine wamelala, hawana tena nguvu ya kugonga. Seni alisimama karibu yetu, amevaa kanzu safi.

Dume mchanga akatokeza. Akasimama mwangani kama alivyofanya siku ile.

Nilimtazama, na nilipokuwa ninamtazama muda ulilegea. Nilimwona alivyo, kisha nikamwona atakavyokuwa, shingo imejaa, pembe zimepanda juu kwa msokoto mmoja, wa pili, wa tatu, nyembamba bado, nzuri kwa namna ambayo ukuta wa baraza haukuwahi kuijua. Nyuma yake wakatokea wengine. Walikuwa wale niliowatoa, si kama walivyoanguka, bali kama ambavyo wangekuwa. Wazee. Wazito. Mmoja mwenye pembe iliyopinda kama swali. Mmoja ambaye nilimtoa mwaka ambao Nyamizi aliota meno, sasa ana ndevu nyeupe kidevuni. Walijaa uwanja ule hadi kwenye majabali, kundi lisilopata kuwako, na wote walinitazama bila chuki, kama watu wanaosubiri mwenyeji wao awakumbuke majina. Nilitaka kuwaomba radhi nikakosa lugha. Hata lugha yangu ilikuwa imekaa kwenye kidole.

Seni alikohoa. Akasema tunasubiri.

Mikono yangu ilikuwa ndani ya kanga. Niliiacha humo.

Alisubiri tena, kisha, bila kupaza sauti, akamwambia mume wangu apige bila kuonyeshwa, maana hakuna asiyejua ni yupi. Ng'wandu alimtazama mnyama. Nikaona midomo yake ikisogea, nikajua anatazama zile kope. Akainama, akaweka gobore chini kwenye vumbi, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Onyesha mwenyewe, bwana msimamizi," alisema. "Na upige mwenyewe."

Hakuna aliyetikisika. Nadhani Seni angeweza kucheka, na sisi sote tungecheka naye, na mambo yangerudi yalivyokuwa. Lakini alikuwa amesimama mbele ya watu. Akaliokota gobore. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani, nikaliona hilo mabegani mwake. Akalenga. Alifumba macho yote mawili.

Mlio ulipasua bonde. Risasi ilipiga jabali juu kabisa, vipande vya mawe vikanyesha. Dume mchanga alibweka mara moja, akageuka, na giza la Ufa likammeza. Majike waliokuwa nje wakamfuata. Na madume wakubwa, wale wazuri, waliinuka wote kwa pamoja, wakakimbia wote upande mmoja, kwa maana tuliwachagua wafanane na hakubaki hata mmoja kati yao wa kukimbilia kwingine. Aliyetangulia aliingia Ufani kwa kasi yake yote. Pembe zilishikwa kulia na kushoto, mwili ukaendelea mbele, shingo ikavunjika. Tuliusikia mvunjiko huo hadi pale tulipokaa.

Vumbi lilipotua, mwanya ulikuwa umezibwa na mnyama mzuri kuliko wote waliowahi kuishi bondeni. Nyuma yake, upande wa pili, kwato zilisikika zikienda mbali. Seni alikuwa bado ameshika gobore. Alimwuliza mtu aliyekuwa karibu naye kama amepiga kitu.

Siku zilizofuata zilikuwa kama siku moja iliyokataa kuisha. Kibuyu cha nyumba yetu kilisimamishwa, na Nyamizi akawa anakunywa maji ya majirani, wakimpa kwa kificho, kila mara kidogo zaidi. Mwenye Bonde aliamuru mzoga utolewe Ufani, ila pembe zisiguswe, kwa kuwa zilikuwa pana kuliko zote na mahali pake ukutani palikwisha pimwa. Wanaume walivuta kwa kamba. Pembe hazikutoka. Walisukuma, wakavuta, wakarudi kusema haiwezekani kumtoa huyu bila kuzikata, na kuzikata imekatazwa. Wakaketi. Harufu ikaanza. Bonde zima lilikuwa limeketi mbele ya jozi moja ya pembe.

Asubuhi niliyoona midomo ya Nyamizi imechanika kama ya wale madume, nilichukua msumeno wa mume wangu nikaenda. Seni alikuwapo. Aliniambia nifikirie. Nilimpita. Niliweka meno ya msumeno kwenye shina la pembe, na pembe ilinuka kama nywele zilizoungua, na nilikata hadi mkono ukafa ganzi, kisha Ng'wandu akaja akashika upande wa pili wa msumeno. Pembe moja ilianguka, halafu ya pili. Watu wakauvuta mzoga, ukatoka kwa urahisi, kichwa kidogo tu, cha kawaida, kama cha jike.

Tulingoja majike warudi, maana kundi likirudi huenda na kibuyu chetu kingerudi. Tulimwaga chumvi mbele ya Ufa, chumvi wanayoipenda. Jua lilifika utosini likaanza kushuka. Upepo ulikuja kutoka mwanyani, wa baridi, una harufu ya maji. Hakuna aliyetoka.

Ndipo nilipoutazama Ufa kama nilivyokuwa nikitazama wanyama, kwa kuupima. Na nikaona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yetu tangu tulipozaliwa. Mtu hana pembe. Mwanya ule, hata kwa mtu mwenye mabega, ulikuwa unatosha.

Nilimkabidhi Nyamizi kwa baba yake. Nyuma yangu walisimama watu wote wa bonde, na hakuna aliyenizuia wala aliyenifuata. Niliingia.

Hatua za kwanza zilikuwa rahisi. Kisha jabali lilinikaribia, na kichwa changu kikagonga. Nilisikia mlio wake, mkavu, kulia na kushoto. Nikarudi nyuma, nikajaribu tena. Kikagonga. Nilipeleka mkono juu ya paji la uso, nikapapasa. Palikuwa na kitambaa, na nywele, na jasho. Hapakuwa na kitu kingine. Lakini sikuweza kupita, na hofu ilinipanda toka miguuni kama maji yanavyopanda kisimani.

Nikamsikia Ng'wandu ananiita kutoka mwangani. Hakuniita Jicho, wala Mama Nyamizi.

"Kaswende. Unataka kupita huku unatazama mbele. Geuza uso."

Niligeuza uso. Shavu likalala kwenye jiwe, na pua ikawa karibu na jiwe lingine, na jicho lile nililosifiwa nalo halikuona kitu ila giza lenye chembe chembe za unyevu. Sikujua ninakwenda wapi. Nilitoa pumzi yote ili kifua kipungue, nikasogea, jiwe likanishika mbele na nyuma, nikasogea tena. Sikujua kama mbele yangu palikuwa na upana wa kutosha kuvuta pumzi nyingine.